Mama Aliyeingia kwa Mlango wa Masomo: Uchambuzi wa Kisa cha Familia Moja ya Shenzhen

Kuhusu kisa hiki

Hiki ni kisa cha familia iliyotoka kijijini katika mkoa wa Hunan ikajipatia maisha ya tabaka la kati mjini Shenzhen, kusini mwa China. Wahusika wameridhia kisimuliwe. Majina hayatajwi, kijiji na shule zimeachwa, na mambo madogo yanayoweza kumtambulisha mtu yamebadilishwa bila kuvuruga mfuatano wa matukio. Nitawaita Mama, Baba, Binti na Bibi.

Nimewaandikia walimu, washauri wa familia na wazazi. Habari za wazazi wa Kichina zinapotufikia huwa za aina mbili: mzazi mkali asiye na huruma, au mzazi hodari ambaye watoto wake wanaongoza kwa hesabu duniani. Zote mbili hazituonyeshi kinachotokea nyumbani. Katika nyumba hii upendo haukukosekana hata siku moja. Tatizo lilikuwa jingine: ili wazazi wapande, ilibidi mtoto aachwe kijijini, na alipofuatwa, alifuatwa kwa sababu ya shule. Mama akaanza kuishi na mwanawe akiwa msimamizi wa masomo, kabla hawajazoeana kama mama na mtoto. Karibu kila ugomvi uliofuata, wa alama, wa simu, wa muda wa kulala, ulianzia hapo.

Usuli

Mama alizaliwa mwaka 1979, wa pili katika watoto watatu. Alisoma hadi darasa la tisa, ambapo elimu ya lazima nchini China huishia. Pesa ya kuendelea na sekondari ya juu ilitosha mtoto mmoja, ikaenda kwa kaka yake. Mwaka 1996 alipanda basi pamoja na wasichana wengine wa kijijini hadi Dongguan, mji wa viwanda jirani na Shenzhen, akaajiriwa katika kiwanda cha viatu. Baba, wa kijiji cha jirani, alikuwa ameshatangulia Shenzhen, akibeba maboksi katika soko la vifaa vya elektroniki la Huaqiangbei, soko ambalo wafanyabiashara wa simu wa Kariakoo wanaofuata mzigo China wanalijua vizuri.

Walipanda wakati ambao mji wenyewe ulikuwa unapanda. Shenzhen ilifanywa eneo maalumu la kiuchumi mwaka 1980, ziara ya kiongozi wa China Deng Xiaoping kusini mwaka 1992 ikaongeza kasi, na China ilipoingia Shirika la Biashara Duniani mwishoni mwa 2001, oda za viwanda vya Guangdong, mkoa uliko mji wa Shenzhen, zikafurika. Mama alitoka kwenye laini ya kushona, akawa karani wa stoo, akajifunza uhasibu usiku, na kufikia 2005 alikuwa mhasibu wa kampuni ndogo. Baba naye akapangisha kaunta yake mwenyewe pale sokoni. Kwao msemo kwamba mchumia juani hulia kivulini haukuwa nasaha ya wazee. Walikuwa wameuona ukitimia kwenye mshahara, mwaka baada ya mwaka, na hilo ni muhimu kulikumbuka tutakapofika kwa Binti.

Kizuizi chao kilikuwa hukou, usajili wa makazi uliowekwa kisheria mwaka 1958, ambao humfunga kila raia na mahali pake. Huduma nyingi hufuata usajili huo: nafasi katika shule ya serikali, bima ya afya, na mahali pa kufanyia gaokao, mtihani wa kitaifa wa kuingia chuo kikuu. Wazazi hawa waliishi Shenzhen, lakini kwenye karatasi walikuwa watu wa kijijini Hunan.

Binti alizaliwa Machi 2006. Alipofikisha miezi minane walimpeleka kwa Bibi, mama yake Baba. Kijijini hakuna aliyeshangaa, kwa kuwa karibu kila nyumba ilikuwa na mjukuu wa namna hiyo. Serikali ya China ilipowahesabu mwaka 2016, kwa kigezo chembamba kinachowahusu hasa watoto wa vijijini ambao wazazi wote wawili wameondoka kutafuta kazi, walipatikana zaidi ya milioni 9. Wazazi wa Binti walikuwa wakirudi mara moja kwa mwaka, Sikukuu ya Majira ya Kuchipua, yaani Mwaka Mpya wa Kichina, kwa siku chache, mikono imejaa zawadi. Hadi anakaribia miaka minne, Binti alimwita Bibi "mama". Bibi ndiye aliyemsahihisha.

Yaliyotokea

Mwaka 2010 mkoa wa Guangdong ulianzisha utaratibu wa kupata hukou ya mjini kwa pointi. Elimu iliongeza pointi, miaka ya kuchangia bima iliongeza, na kumiliki nyumba vilevile. Mama akaanza kufanya mitihani ya kujisomea, ambayo China imekuwa ikiitoa tangu 1981 kwa watu wasiopita chuoni. Alikuwa akisoma baada ya kazi, karatasi moja baada ya nyingine, kwa ajili ya pointi. Walikuwa wameshanunua nyumba ndogo kwa mkopo. Mwaka 2013 pointi zikatimia, na usajili wa wote watatu ukahamia Shenzhen.

Agosti mwaka huo Baba alikwenda Hunan kumchukua Binti, aliyekuwa na miaka saba na amemaliza darasa la kwanza. Bibi alimwambia mjukuu wake kwamba anakwenda kucheza mjini, likizo ikiisha atarudi. Alisema hivyo ili mtoto asilie kwenye treni.

Chumbani Shenzhen alikuta meza ya kusomea, taa, na rafu yenye vitabu vya mazoezi. Mama alikuwa amenunua meza kabla ya kitanda, na hadi leo analisimulia hilo kwa fahari.

Darasa la pili lilianza vibaya. Lafudhi ya Kihunan ilimfanya Binti achekwe, na katika jaribio la kwanza la Kichina alipata 71 wakati wenzake wengi walikuwa kwenye 90. Mwalimu aliwaandikia wazazi kwenye kundi la darasa, kwa adabu lakini mbele ya wote, kwamba baadhi ya watoto wanahitaji msaada zaidi nyumbani. Usiku huo Mama aliketi karibu na meza ile. Aliendelea kuketi pale kwa miaka minane.

Yaliyofuata nitayapitia haraka, kwa sababu mtu yeyote anayewafahamu wazazi wa miji mikubwa ya China anayajua. Mwaka 2014 waliuza nyumba yao wakanunua nyingine iliyochakaa na finyu zaidi, kwa bei kubwa, kwa sababu ilikuwa ndani ya mpaka wa shule nzuri. Mwaka 2015 Mama aliacha kazi ili asimamie masomo. Twisheni ya hesabu, ya Kiingereza, ya kuandika insha. Kinanda kidogo, kisha kikaachwa. Baba alikuwa akifunga kaunta usiku na kukuta binti yake amelala au anaandika. Katika darasa la tano Binti alianza kuficha karatasi za mitihani. Katika darasa la saba aliomba likizo yote ya kiangazi akae na Bibi, akapewa siku kumi, kwa kuwa twisheni ilikuwa imeshalipiwa.

Kiangazi cha 2019 ndicho Binti na Bibi walichoonana mara ya mwisho. Mwaka 2020 ulikuja na korona na masomo kwa skrini, na Sikukuu ya Majira ya Kuchipua ya 2021 serikali iliwahimiza watu wasisafiri. Bibi alikuwa ameanza kuumwa. Alifariki Mei 2021, wiki chache kabla ya zhongkao, mtihani wa kumaliza darasa la tisa.

Wazazi hawakumwambia Binti. Baba alisafiri kwenda kuzika, akaaga kwamba anafuata mzigo. Binti alipouliza kwa nini Bibi hapokei simu, Mama alijibu kwamba imeharibika. Binti akafanya mtihani, akapata nafasi katika sekondari ya juu ya serikali, jambo gumu kweli kweli Shenzhen. Kisha, Julai, wakamketisha na kumweleza.

Alilia siku ile tu. Septemba alihamia bwenini, na kuanzia hapo akawa anamjibu Mama kwa neno moja moja kwenye simu. Oktoba 2022, akiwa darasa la kumi na moja, mwalimu alipiga simu: mtoto halali usiku, asubuhi hainuki, na amekaa siku kadhaa bila kuingia darasani. Hospitali ilisema ni sonona. Daktari alipendekeza aahirishe masomo kwa mwaka mmoja.

Maamuzi, na kwa nini yalifanywa

Kumwacha mtoto kwa Bibi kulikuwa uamuzi wa hesabu. Mama alirudi kazini, chumba walichopanga kilikuwa kimoja, na kulipia kituo cha watoto kungekula nusu ya kipato. Kumleta Bibi Shenzhen kulijadiliwa zaidi ya mara moja. Kilichowazuia ni chumba, shamba, na bima ya afya ya vijijini ambayo wakati huo ilikuwa ikirejesha sehemu ndogo ya gharama mgonjwa akitibiwa nje ya mkoa wake. Siwezi kuwalaumu kwa uamuzi huu. Ningekuwa wao ningefanya hivyo hivyo.

Namna alivyofuatwa ni jambo lingine. Binti aliondolewa kwa mtu aliyemlea kwa muda wote anaoukumbuka, kwa ahadi isiyo ya kweli, wiki mbili kabla ya shule kufunguliwa. Nilipomuuliza Mama kwa nini hawakumleta mapema kidogo, au Bibi akaja naye kwa mwezi mmoja, alisema jambo ambalo kwangu ndilo ufunguo wa kisa chote. Alisema aliogopa kwamba Bibi akiwepo, mtoto ataendelea kuzungumza lugha ya kijijini. Alitaka aanze upya. Nyumbani alipiga marufuku lahaja yao, hata yeye na Baba wakaacha kuitumia mbele ya mtoto. Mfarishi alioshonewa na Bibi ulitupwa kwa sababu ulinuka moshi wa kuni.

Kuacha kazi kulitokana na hofu na pia na ushauri wa wazazi wengine. Mama aliamini kwamba alichelewa miaka saba na lazima aifidie. Shule nayo ilisukuma huko huko: kazi za nyumbani zilisainiwa na mzazi, na maelekezo yalitumwa kwenye kundi la simu mchana, wakati mtu aliyeajiriwa yuko kazini. Pia hakuwa na cheti cha maana kinachoonekana na wazazi wenzake, wengi wao waliopita vyuo vikuu. Ndani ya kundi lile alama za Binti ndizo zilizokuwa jibu lake kwa yeyote ambaye angeuliza yeye ni nani.

Baada ya sheria kuruhusu watoto wawili kuanzia 2016, Baba alitaka mtoto wa pili. Mama alikataa. Sababu yake ilikuwa kwamba hatakuwa na nguvu za kumsukuma mwingine.

Kuficha msiba kabla ya mtihani ni jambo linalofanywa na familia nyingi za China, na aghalabu jamaa wote hushirikiana kulificha. Mantiki yake inaeleweka: mtihani hausubiri, aliyekufa harudi, na mtoto akivurugika wiki hizo, huenda akaishia njia ya ufundi asiyoitaka. Kwa miaka mingi sera ya taifa ilikuwa kuwagawa wanaomaliza darasa la tisa karibu nusu kwa nusu, wengine sekondari ya juu ya kawaida na wengine shule za ufundi. Mama hakuwa akiwaza jambo la kubuni.

Kuahirisha masomo kuliwagawa wazazi. Mama alitaka dawa na mwalimu wa nyumbani, mtoto asiachwe nyuma. Baba, ambaye kwa miaka tisa hakuwahi kupinga uamuzi wa shule, alikwenda shuleni peke yake akasaini fomu. Walikaa bila kusemezana mpaka mwezi uliofuata.

Daktari ndiye aliyefungua ukurasa uliofungwa. Katika kikao cha Novemba alizungumza na kila mmoja peke yake, akaanza kwa kuuliza mtoto alilelewa na nani kabla ya kuanza shule. Mama alieleza kwa kirefu habari za masomo. Binti alikuwa na swali moja tu la kupelekewa wazazi wake: Bibi aliniulizia?

Mama hakujua. Baba alijua. Bibi alimuulizia kila siku, na ni yeye mwenyewe aliyemwambia Baba kwamba mtoto asiambiwe lolote mpaka amalize mtihani. Baba alikuwa amelinyamazia jambo hilo mwaka mzima na zaidi kwa sababu aliona kulisema ni kumtupia lawama marehemu. Alimweleza Binti majira yale ya baridi, wakiwa kwenye gari, bila Mama kuwepo. Binti alikasirika tena, safari hii pia kwa Bibi. Halafu akaanza kula.

Aprili 2023, wakati wa Qingming, sikukuu ya kufagia makaburi, wote watatu walikwenda Hunan. Baba alirudi kazini baada ya siku tatu. Mama na Binti walibaki kwa wiki mbili katika nyumba ya Bibi iliyokuwa imefungwa. Mama hakuja na vitabu. Lahaja ilirudi, kwanza kwa majirani, kisha mezani. Walipopika, Binti ndiye aliyejua Bibi alivyokuwa akikausha pilipili na chombo gani alitumia, na Mama akawa wa kuelekezwa.

Waliporudi, Mama alifanya uamuzi ambao hakuna aliyemshauri: alirudi kazini, akashika hesabu za duka la Baba na za wenye kaunta wengine wawili.

Matokeo

Septemba 2023 Binti alirudia darasa la kumi na moja katika shule ile ile, akilala nyumbani badala ya bwenini. Aliendelea kumwona daktari. Juni 2025 alifanya gaokao pamoja na watahiniwa wengine zaidi ya milioni 13. Alama zake zilimtosha kuingia chuo kikuu cha kawaida, si mojawapo ya vile 39 vya mpango wa 985, mpango wa serikali wa vyuo bora, ambavyo waajiri wakubwa huvitazama kwanza. Alichagua sayansi ya chakula, katika chuo cha Hunan. Mama alitaka uhasibu, tena Guangdong. Walibishana siku mbili, Mama akanyamaza, Binti akawasilisha fomu yake.

Kwa Baba anapiga simu. Kwa Mama anatuma picha za chakula cha bwaloni na Mama hujibu. Mara moja walizozana vikali kuhusu hela ya matumizi, na Baba alifurahi, kwa sababu miaka mitatu iliyotangulia hawakuwa wakizozana kabisa.

Nyumba ya mpaka wa shule nzuri, iliyobeba akiba yao yote, imeshuka thamani tangu soko la nyumba la China lilipoanza kuporomoka mwaka 2021. Wazo la kumpeleka Binti ng'ambo kwa shahada ya pili limewekwa kando.

Uchambuzi: kilichofaa na kilichoharibika

Nianze na kilichofaa, kwa kuwa visa vya aina hii husimuliwa kana kwamba wazazi walipaswa kubaki kijijini. Hukou ya Shenzhen ilimpa Binti shule, hospitali yenye daktari wa afya ya akili wa vijana, na wazazi wenye uwezo wa kumlipia mwaka mzima wa kupumzika. Kijijini angepata msongo wake mwingine, na pengine asingepata tiba. Usiku ule Mama aliosoma kwa ajili ya pointi ulizaa matunda halisi.

Kilichoharibika kwanza ni mpangilio. Mtoto wa miaka saba aliyetengwa na mlezi wake anahitaji muda wa kumzoea mtu mpya bila kupimwa. Binti hakuupata. Tangu siku ya kwanza, wakati aliokaa na Mama ulikuwa wakati wa mazoezi, na furaha au huzuni ya Mama ilitegemea karatasi iliyoko mezani. Akajifunza kwamba kwa Bibi alipendwa alivyo, na kwa Mama apendwe baada ya kusahihishwa. Mama hakuwahi kumaanisha hivyo. Lakini hapakuwa na sehemu nyingine yoyote ya siku ambamo mtoto angeweza kuona vinginevyo.

Wengi wakisikia kisa hiki husema ni utamaduni, ni Confucius, ni mitihani ya kifalme ya karne nyingi. Sikubaliani, na maisha ya Mama mwenyewe yanapinga. Hakuna aliyewahi kukagua madaftari yake alipokuwa mtoto. Mama yake mzazi hakujua kusoma. Heshima ya elimu ilikuwepo, lakini mzazi kukaa mezani kila usiku, kuacha kazi, kuhama nyumba kwa ajili ya mpaka wa shule, ni mambo yaliyozaliwa na kupanda kwenyewe, katika kizazi hiki hiki. Aliyefika mjini kwa jasho anajua alivyo karibu kuteleza, na hofu hiyo humwendea aliye mdogo kuliko wote nyumbani.

Tena hofu hiyo ilichanganyika na aibu. Hapa ndipo ninapoona jeraha lenyewe, zaidi ya kwenye alama. Mama aliijenga nafsi yake ya mjini kwa kuondoa kijiji katika lafudhi, mavazi na jiko. Kisha akaletewa mtoto aliyekuwa na kijiji kizima mdomoni mwake. Alipomfundisha kuzungumza vizuri, alidhani anamkinga na kuchekwa, na kweli alimkinga. Wakati huo huo alikuwa akimwambia kwamba yule mwanamke aliyemlea ni kitu cha kufichwa. Mfarishi ule Binti aliutaja kwa daktari kabla hajautaja msiba.

Kuna pia deni. Kauli ya Mama iliyorudiwa zaidi ni kwamba alikula uchungu ili mwanawe asiule, na wazazi wengi wa China wa umri wake huisema kwa maneno yale yale. Ilisemwa kama zawadi ila ilipokelewa kama ankara, maana deni la namna hiyo hulipwa kwa jambo moja tu, nalo ni mtoto kupanda zaidi ya mzazi. Sasa tazama Binti alikuwa akitazamiwa apande kwenda wapi. Mwaka 1978 chini ya Wachina 18 kati ya 100 waliishi mijini. Kufikia 2023 walikuwa zaidi ya 66. Mama alikuwa ndani ya wimbi hilo, na kutoka shamba hadi ofisi aliweza kufika kwa bidii na ujasiri. Mwaka 1977, gaokao iliporejeshwa baada ya Mapinduzi ya Kitamaduni, vurugu za kisiasa za 1966 hadi 1976, hata mtahiniwa 1 kati ya 20 hakupata nafasi chuoni. Vyuo vilipanuliwa kwa nguvu kuanzia 1999, na mwaka 2024 wahitimu walikuwa karibu milioni 11.8. Juni 2023 ukosefu wa ajira kwa vijana wa mijini wenye miaka 16 hadi 24 ulifikia asilimia 21.3 kwa takwimu rasmi. Shahada, ambayo kwa Mama ilikuwa kilele, kwa Binti ilikuwa mahali pa kuanzia foleni. Wawili hawa walitumia neno bidii wakiwa na nchi mbili tofauti kichwani, na hakuna aliyekuwa mwongo.

Kuacha kazi kwa Mama kuliharibu zaidi ya kipato. Mwanamke aliyetoka kiwandani hadi uhasibu kwa akili yake mwenyewe alibaki na mradi mmoja, na mradi huo alikuwa ni mtu. Kila alama iliyoshuka ikawa kama kufukuzwa kazi. Ndiyo maana nauona uamuzi wake wa Mei 2023 kuwa wa maana kuliko hata safari ya kaburini. Aliporudi kushika vitabu vya hesabu alipata mahali pengine pa kufaulu na kushindwa, na Binti akaanza kumuuliza habari za kazi. Ilikuwa mara ya kwanza mtoto kuuliza na mama kujibu. Kabla ya hapo maswali yote yalitoka upande mmoja.

Baba alichangia kwa ukimya wake. Ni rahisi kumpenda katika kisa hiki kwa sababu hakugomba. Lakini kutogomba kwake kulimwachia Mama ukali wote, kisha yeye akabaki na upole. Alikuwa pia na taarifa ambayo ingepunguza hasira ya Binti miezi mingi kabla hajaanguka. Siku aliyosaini fomu peke yake alifanya jambo sahihi, na ninaamini pia kwamba Mama ana haki ya kuwa na uchungu kuhusu namna lilivyofanywa.

Kuhusu kuficha msiba, nimesikia watu wakisema mtihani ulifaulu, hivyo uamuzi ulikuwa sahihi. Nafasi ile ya shule ilishikwa kwa miezi kumi na mitatu tu kabla ya mtoto kushindwa kuingia darasani. Hata tukiacha hesabu hiyo, kumnyima kuzika kulirudia jambo la 2013: mara zote mbili aliondolewa kwa Bibi kwa uongo wa huruma, na mara zote mbili sababu ilikuwa shule. Laiti kungekuwa na mwaka mmoja tu, kati ya hiyo minane, ambao shule ilipisha Bibi apite mbele, sidhani kama mwaka 2021 ungemwangusha vile. Zile siku kumi za darasa la saba zingekuwa kiangazi kizima.

Sera za nchi zilifika, ila kwa Binti zilichelewa. Tarehe 24 Julai 2021 ulitangazwa uamuzi wa kupunguza mizigo miwili, wa kazi za nyumbani na wa twisheni, uliopiga marufuku twisheni za kibiashara za masomo ya shule kwa watoto wa darasa la kwanza hadi la tisa. Yeye alikuwa amemaliza la tisa mwezi uliotangulia. Sheria ya Kukuza Elimu ya Familia, inayoeleza wajibu wa wazazi katika malezi, ilianza kutumika tarehe 1 Januari 2022. Kwa wadogo zake wa mtaani, ninavyoelezwa na Mama, twisheni zilipungua kisha zikarudi majumbani kwa bei ya juu, kwa kuwa mtihani wa kuwachuja ulibaki palepale.

Kwa mshauri au mwalimu anayekutana na familia iliyopanda hivi, kisa hiki kinampa pa kuanzia. Kabla ya kugusa alama, simu au nidhamu, aulize mtoto alilala chumba kimoja na nani hadi alipoanza shule, alitenganishwa naye vipi, aliambiwa nini siku hiyo, na tangu hapo anaruhusiwa kumzungumzia kwa lugha gani. Kama mlezi huyo bado yu hai, safari ya kwenda kumwona iwekwe kwenye kalenda kabla ya ratiba ya mitihani, na mzazi aende bila vitabu. Mzazi aliyeacha kazi aulizwe, akiwa peke yake, anakosa nini. Mama wa kisa hiki hakuwahi kuulizwa swali hilo na shule, na hata nyumbani hakuna aliyemuuliza. Alilijibu mwenyewe akiwa na miaka arobaini na minne.